Siku yangu Kibirizi: dagaa kwenye chanja, sheria mkononi

Saa kumi na moja alfajiri nimeshaamka, hapa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Tuko kwenye giza, yaani siku ambazo mwezi hauonekani, na wavuvi wamekesha ziwani na taa zao. Mbalamwezi ikiwaka sana dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi hupumzika. Ratiba yangu ya masomo nayo inafuata mwezi: mbalamwezi nasoma kutwa, giza nasoma vipande vipande. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, nyumbani tulibana matumizi mpaka basi, ila sijawahi kusoma vile.

Niko mwaka wa pili wa shahada ya sheria, Chuo Kikuu Huria, kituo cha Kigoma. Kwa vile si lazima niingie darasani kila siku, ndiyo maana naweza kusoma huku namsaidia mama biashara.

Saa kumi na mbili na nusu mitumbwi inaingia. "Mwakeye!" kila upande, salamu ya asubuhi ya Kiha, halafu bei. Mama hanunui kwa maneno mengi. Anatia mkono ndani ya ndoo, anageuza dagaa wa chini aone kama ni wabichi kama wa juu, ndipo anataja bei. Mvuvi akikubali, hakuna karatasi. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba kinataka hiari ya wahusika wenye uwezo wa kisheria, malipo halali na lengo halali. Vyote viko pale mchangani, na mama hajawahi kuvunja neno lake.

Saa tatu dagaa wameshatandazwa kwenye chanja. Nakaa kivulini na fimbo ya kufukuzia kunguru, simu mkononi. Magamba yamenikauka vidoleni, yanang'ang'ania kwenye kioo, kila nikisogeza ukurasa nafuta kwa upindo wa kanga. Leo nasoma hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, mwaka 1983. Naisoma mara ya tatu.

Bi Hawa alikuwa mama wa nyumbani, hakuwa na mshahara. Ndoa ilipovunjika swali likawa: ana chake katika mali iliyopatikana? Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Mabishano yote yalikuwa kwenye neno hilo moja, kazi. Je, kupika, kufua na kulea ni kazi? Mahakama ikasema ndiyo. Sheria hii naisoma kwa Kiingereza na mtihani nitaujibu kwa Kiingereza, lakini siku nilipoliandika neno "kazi" pembeni ya daftari ndipo nilipoielewa hasa.

Kinachoniuma ni mwisho wake. Rufaa yake ilitupwa. Mahakama iliona kuwa mumewe alishampa fedha za kuanzishia mradi wa familia, naye akazitapanya. Wanawake wengi waliokuja baada yake wamepata haki kwa kesi yake, yeye mwenyewe akatoka mikono mitupu.

Saa saba, ugali na mgebuka, samaki wa ziwa letu, wa mawese. Saa nane wingu linatanda upande wa Kongo, wote tunakimbilia chanja. Dagaa akinyeshewa ameharibika.

Saa kumi na nusu napanda bajaji kwenda mjini kujisomea na wenzangu watatu. Mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, anashikilia kwamba mahakama ilikosea kumnyima Bi Hawa. Nakubaliana naye, lakini ananitaka nieleze kwa kifungu, si kwa uchungu. Hapo nakwama, naandika swali.

Saa moja na nusu usiku nakuta mama mdogo, jirani yetu, anapukuchua mahindi na mama. Ndoa yake imefika pabaya. "Nyumba kajenga yeye, mwanangu. Mimi nilikuwa naanika dagaa na kulea tu." Lile "tu" linanichoma. Namwambia mimi bado si wakili, siwezi kumsimamia, lakini nayajua mawili: kwa kawaida shauri la talaka hupitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, na kuanika na kulea mahakama inavihesabu. Namsimulia Bi Hawa, pamoja na mwisho wake, kwa sababu kumficha ingekuwa kumdanganya. Anaacha kupukuchua. "Huyo mama aliishi wapi?" Dar es Salaam, namwambia. Tunapanga kesho kutwa nimpeleke kwa msaidizi wa kisheria.

Saa nne na nusu taa za wavuvi zimejipanga ziwani. Nalifuta jibu langu la kwanza kwa lile swali la Bi Hawa, naanza upya na orodha ya kila kitu ambacho mama mdogo amekifanya ndani ya nyumba ile.