Mkoba mmoja, wenye zamu wanne: tulivyozunguka Malawi bila kugombana

Kila aliyesikia kwamba tunakwenda Malawi na mashanta mgongoni alikuwa na ushauri, na ushauri wenyewe ulikuwa ule ule: chagueni kiongozi mmoja, mkabidhini fedha zote mtu mmoja mwaminifu, la sivyo mtarudi Tanga hamsalimiani. Shemeji yangu, ambaye mwisho wa safari zake ni Mombasa, aliyasema hayo kwa uhakika wa mtu aliyeizunguka dunia. Ushauri huo tuliufuata kutoka stendi ya Kange mpaka Mbeya, ukatuponza, na kilichotuokoa ni jambo ambalo mama zetu wa Ngamiani hulifanya kila mwezi bila kuomba ushauri wa mtu.

Tulikuwa wanne: mimi, mwenzangu wa kike kutoka Pangani, Mbondei mmoja wa Muheza, na kijana wa Chumbageni aliyesomea uhasibu, na kwa kuwa alisomea uhasibu hakuna aliyefikiria kumpa fedha mtu mwingine. Habari za pasipoti sitazieleza, kwa sababu Mtanzania haombi viza ya kuingia Malawi, na mtu asiyejua pa kupata pasipoti hajawa tayari kusafiri.

Mhasibu wetu alinunua daftari kubwa, akalipiga mistari, na akafunga kalamu kwa uzi ili isipotee. Kutoka Dar es Salaam tulipanda treni ya TAZARA, daraja la tatu, katika ile reli ya kilomita 1,860 inayokwenda hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na kwa saa za mwanzo kila kitu kilikwenda kwa amani kwa sababu tulikuwa bado tunakula mikate ya ajemi tuliyotoka nayo nyumbani. Tabu ilianza Mlimba. Pale treni inaposimama, akina mama huja chini ya madirisha na mabeseni ya ndizi, wali na kuku wa kukaanga, na abiria mwenye akili hutoa noti kwanza, maswali baadaye. Mhasibu alichomoa kichwa dirishani, akauliza bei, akaiandika, akaomba apunguziwe, akaandika tena, kisha akamwuliza yule mama jina lake, maana katika daftari palikuwa na safu ya muuzaji. Mama akamtazama, akatutazama na sisi, akasema, "Baba, wewe unanunua kuku au unaandikisha kura?" Honi ikalia, beseni likahamia dirisha la pili, na tukaliacha bonde la Kilombero tukinusa kuku wa watu wengine.

Mbondei, ambaye akiwa na njaa huwa haongei, alinunua mahindi ya kuchoma Makambako kwa fedha ya mfukoni mwake akatugawia sote. Aliposema arudishiwe, Mhasibu alimjibu kwamba hayo ni matumizi yasiyoidhinishwa na tena hayana risiti. Risiti ya mahindi ya kuchoma! Tulipofika Mbeya wawili walikuwa hawaongei, na wa Pangani alikwisha kuanza kuulizia nauli ya basi la kurudi.

Usiku huo, katika gesti moja ya bei ndogo, nilitoa wazo ambalo mpaka leo najisifia. Nikawaambia kwamba mama yangu ana mchezo, ule wa kuchangishana fedha na kupokea kwa zamu, na wenzake kumi na kitu, hakuna mwenye diploma, na miaka yote hiyo hawajawahi kupelekana kwa mjumbe, kwa sababu kila mmoja anajua zamu yake ipo. Basi na sisi tufanye hivyo kwa mkoba. Kila siku mkoba una mwenye zamu. Mwenye zamu ndiye anayeamua tutakula nini, tutalala wapi na tutapanda nini, na wengine wanaruhusiwa kusema neno mara moja tu, kisha wanyamaze. Alfajiri mkoba unamwagwa kitandani, fedha zinahesabiwa mbele ya wote, na unakwenda kwa mwingine pamoja na lawama zake. Nauli ya kurudi haiguswi na yeyote. Wa Pangani aliishonea ndani ya pindo la kanga yake, kwa shilingi zetu wenyewe, maana safari ya mwisho ingekuwa ndani ya Tanzania. Daftari hatukulitupa, lakini lilibaki la kuchezea karata.

Mtindo huo una faida ambayo sikuitarajia, nayo ni kwamba mtu anayejua kuwa kesho mkoba utakuwa wake humvumilia mwenye mkoba wa leo.

Zamu ya kuvuka mpaka pale Kasumulu ilikuwa yangu. Wabadilisha fedha walituzonga kabla hatujashusha mashanta, na mchezo wao naufahamu: anakuhesabia kwacha, fedha ya Malawi, haraka haraka, noti nyingine zimekunjwa katikati ili zihesabike mara mbili. Niliketi chini juu ya shanta langu, nikanyoosha kila noti gotini, na sikutoa shilingi yangu hata moja mpaka kwacha zote zilipokwisha kunyooka. Mmoja akaondoka kwa hasira, nami nikajua ni yupi wa kutofanya naye biashara. Ukishavuka daraja la Songwe, rudisha saa yako nyuma kwa saa moja, na ukumbuke pia kwamba wenzetu hawahesabu saa kuanzia macheo kama sisi, kwa hiyo basi la saa mbili asubuhi yetu kwao ni la saa saba asubuhi. Usipolishika hili utaachwa na magari mpaka uchoke, ingawa basi dogo la kule haliondoki mpaka lijae, saa iwe yoyote. Lingine: hilo ziwa tunaloliita Nyasa wao wanaliita Malawi, na serikali zetu hazijakubaliana mpaka upite wapi kwenye maji. Mbondei alitaka kulijadili ndani ya gari tukielekea Karonga. Mwenye zamu, yaani mimi, nilimkataza.

Karonga Kiswahili kinasikika, na Mzuzu tulipita tu. Nkhata Bay ndiko tulikokaa, tukala kondowole, ugali wa muhogo mzito unaovutika, pamoja na usipa, vidagaa vya ziwani, na sisi watu wa Tanga tuliokulia kwenye muhogo hatukuhitaji kufundishwa.

Sasa nifike kwenye meli. MV Ilala ilijengwa Scotland, ikaletwa vipande vipande, na ikaanza kulihudumia ziwa hilo 1951. Wageni wenye mashanta karibu wote hukata tiketi ya sitaha ya juu, na kila tuliyekutana naye alituonya tusithubutu kwenda chini. Siku hiyo mkoba ulikuwa wa binti wa Pangani. Akakata tiketi za chini. Sote tulisema neno letu la mara moja, Mhasibu akalisema kwa sauti, kisha tukanyamaza kama kanuni inavyotaka, tukashuka kukaa katikati ya magunia ya mahindi, kuku na watoto waliolala. Mwenzetu akatandika leso, akampakata mtoto wa jirani aliyekuwa analia, na haukupita muda akawa anazungumza Kiswahili na mama mmoja muuza usipa anayefanya biashara mpaka upande wetu. Mama huyo ndiye aliyetueleza kwamba Likoma, kisiwa tulichokuwa tunakwenda, wakati ule meli ilikuwa haifungi gatini. Ilikuwa inatia nanga mbali kidogo, mashua zinashushwa, na watu wote wanataka kuingia katika mashua ya kwanza.

Ilitia nanga usiku. Sijawahi kuona msukumano ule: mlango ni mmoja, wanaoshuka wanashuka, wanaopanda wanapanda, godoro linapita juu ya vichwa, na mashua inapanda na kushuka chini yako. Wazungu wawili wenye mashanta makubwa walikuwa wamekwama mlangoni hawaendi mbele wala nyuma. Binti wa Pangani, ambaye amekulia kwenye ngalawa, alituketisha. "Mashua ya mwisho ndiyo yenye nafasi," alisema, "na nahodha wake ana haraka ya kumaliza." Tukafungasha viatu ndani ya mashanta, tukala mihogo ya kukaanga ya yule mama, tukateremka wa mwisho tukiwa tumeketi kwa starehe, na pale maji yalipotufika magotini tulitembea hadi mchangani. Mhasibu hakusema kitu, ila alfajiri alipopokea mkoba alihesabu kilichobaki akaanza kutabasamu peke yake.

Likoma ni kisiwa cha Malawi kilichozungukwa na maji ya Msumbiji, kina mibuyu kama ya kwetu, na kanisa kuu la Mtakatifu Petro lililoanza kujengwa 1903, jengo la mawe kubwa kuliko unavyotegemea kisiwani. Mbondei aliingia akakaa muda mrefu, kwa sababu wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, waliolijenga ni wale wale waliofungua misheni ya Magila kwao Muheza. Tulibaki kisiwani mpaka meli iliporudi, na kwa kuwa hapakuwa na vya kununua vingi, mkoba ulipumzika.

Kwacha zilizosalia zibadilisheni Kasumulu hapo hapo, msiziingize Mbeya. Wanaouliza gharama, kila mmoja wetu alitumia laki nne na ushei kutoka Kange na kurudi Kange, bila kuhesabu vitenge nilivyonunua mimi, na hesabu hiyo ingeshuka kama Mbondei angekuwa anakula kama watu wengine.