Afisa uhusiano sio chawa, wala sio mpiga picha wa bosi

Hapa Mtwara ukimwambia mtu we ni afisa uhusiano swali la kwanza ni "kama Ahmed Ally wa Simba?", ukikataa anakuja na Ali Kamwe, basi unaishia kucheka tu maana utaelezea mpaka lini. Siwalaumu, wale wasemaji wa timu za mpira wameifanya kazi yetu ijulikane mpaka kwenye vijiwe vya kahawa, na kujaza uwanja kwa mdomo sio kitu kidogo jamani. Ila kuna wengine wanakuangalia kwa jicho la pembeni afu wanasema "aah, we si chawa wa kampuni tu". Hapo sasa ndo huwa navuta kiti tuongee vizuri, maana chawa kazi yake moja, kumsifia aliye juu. Mimi nalipwa kumwambia aliye juu huko chini wanamsemaje. Au tuseme nilitakiwa nilipwe kwa hilo, kwa sababu kwa mabosi wengi hicho ndo kipande cha kazi wasichotaka kabisa kukisikia.

Mtu akiniuliza hii kazi ina faida gani simpeleki mbali, namkumbusha habari ya gesi. Waliokuwepo wanajua. Mwisho wa 2012 watu wakaandamana mjini hapa kupinga gesi kupelekwa Dar kwa bomba, "gesi haitoki", Januari 2013 ikawa fujo mpaka Masasi, Waziri Mkuu wa wakati ule, Pinda, ikabidi aje mwenyewe akae na makundi moja moja, hali ikatulia, afu Mei bajeti ya Nishati na Madini ilivyosomwa tu mji ukalipuka upya, watu wakafa, nyumba zikachomwa, wanajeshi wakaletwa. Bomba likajengwa hivyohivyo, 2015 likazinduliwa, kilomita zaidi ya 500 mpaka Dar, na kiwanda cha kusafishia gesi kiko Madimba, hukuhuku kwetu.

Sisemi afisa uhusiano angezuia yote yale, hapana, mle kulikuwa na siasa na kulikuwa na hasira za miaka mingi za watu wa Kusini kuona wameachwa, kile kipande cha barabara cha Ndundu mpaka Somanga tu kilivyotutesa nani kasahau. Ila gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Miaka 30 yote hiyo nani alikuwa anakaa na wazee wa Msimbati, kule inakotoka hiyo gesi, akawaeleza taratibu gesi inasafishwaje, itapita wapi, wao watabaki na nini, na wao wakamjibu na majibu yao yakapelekwa kwa mkubwa yakasomwa? Maelezo mengi niliyoyasikia mimi yalikuja matairi yameshawaka, na mtu akishakuwa na hasira hata umletee ukweli mtupu anaona unamchezea.

Tatizo ni kwamba tunaitwa mwisho. Kitu kikitokea asubuhi, saa mbili kuna voisi noti inazunguka kwenye magrupu ya Watsapu, sauti ya mtu anahema, "jamani huku hali mbaya", hujui ni nani wala yuko wapi. Wewe umeshaandika taarifa, aya tatu, iko kwenye kompyuta. Inaenda kwa meneja, meneja anaituma kwa mwanasheria, mwanasheria anafuta sentensi mbili zenye maana kuliko zote, inaenda Dar, Dar wako kikaoni. Saa kumi na moja jioni inarudi na nembo na muhuri, imeandikwa TAARIFA KWA UMMA kwa herufi kubwa, na ndani imebaki ile ya siku zote, "taarifa zinazosambaa mitandaoni hazina ukweli wowote na zipuuzwe". Nilikuwa kijiji kimoja nasoma taarifa ya namna hiyo kwenye mkutano, bibi mmoja kakaa mbele kwenye mkeka akaniambia "sawa mwanangu, hiyo tumeipuuza, sasa tushike ipi?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini jibu sikuwa nalo maana lilikuwa kwenye zile sentensi mbili alizofuta mwanasheria.

Na wala sio mambo mapya haya. 1906 kule Marekani treni ilidondoka majini Atlantic City, watu zaidi ya 50 wakafa, na kampuni ya reli ya Pennsylvania ilikuwa na mshauri wao, Ivy Lee, badala ya kuficha akawaandikia waandishi kilichotokea na kuwakaribisha wakaone wenyewe. Wanaofundisha fani hii wengi wanaihesabu ile kuwa ndo pres rilizi, yaani taarifa kwa vyombo vya habari, ya kwanza. Miaka zaidi ya 100 imepita na bado kuna mkubwa lori likipinduka getini simu ya kwanza anayopiga ni "hakikisha haitoki". Haitoki vipi bosi, wakati bodaboda sita wameshaipiga video.

Halafu kuna hili la kwamba ukifanya vizuri haionekani. Mnakumbuka kimbunga Kenneth, Aprili 2019? Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza, mkoa ukatangaza, watu wakaambiwa waondoke maeneo ya hatari waende sehemu salama. Tarehe 25 kikaingia Msumbiji, Cabo Delgado, kikaua watu kule na kubomoa, huku kwetu tukapona. Wiki iliyofuata sokoni ni manung'uniko tu, mmetutisha, mmetufungisha biashara bure. Wale waliotangaza walifanya kazi yao sawasawa wakalipwa matusi. Sisi wa uhusiano ndo maisha yetu hayo, ugomvi usiotokea hauna picha ya kuweka kwenye ripoti ya mwaka, kwa hiyo bajeti ikipunguzwa inaanza kwetu, inabaki ya fulana na kofia na mahema.

Rafiki yangu yuko upande wa ushirika wa korosho na yeye ana mtihani mgumu kuliko wangu. Msimu wa 2024 minada ya mwanzo bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, redio zikatangaza mpaka basi. Mkulima wa Tandahimba anasikia elfu nne, anapiga hesabu ya gunia zake, pesa ikiingia benki haifanani na hesabu, kuna ushuru, kuna chama, kuna ghala, kuna usafiri. Makato yote yapo kwa utaratibu lakini nani alimwambia kabla? Sa hivi jamaa kabla ya mnada anabandika karatasi kwenye mlango wa AMCOS, kile chama cha ushirika cha wakulima, maandishi makubwa, kila kato na kiasi chake, na chini mfano wa mtu mwenye kilo 100. Hajawahi kupata tuzo kwa ile karatasi ila simu za usiku anasema zimepungua sana.

Waandishi nao, niliseme hili kwa kifupi maana ni refu. Wengi huku mikoani hawana mshahara, wanalipwa kwa stori, na nauli ya kwenda Nanyamba na kurudi wanajilipia. Ukiwaita unawapa nauli, wasio na nauli hawaji. Napenda? Sipendi, maana mtu uliyempa bahasha asubuhi hawezi kukuuliza swali gumu mchana, na swali gumu ndo lingenisaidia mimi nikalipeleke juu. Lakini suluhisho liko kwa wenye vyombo vya habari, sio kwa yule kijana mwenye kinasa sauti.

Mimi kwa sasa nimeanzisha kaukurasa kamoja kwenye ripoti ya mwezi, sikuomba ruhusa, nimekaita "Yanayosemwa nje" na naandika kama yalivyo, lugha ileile ya mtaani bila kupaka rangi. Mwezi wa kwanza nilirudishiwa na alama ya wino mwekundu, "hii ya nini?" Nikaiacha. Ya mwezi uliopita ilikuwa na vumbi la malori yetu, akina mama wanaouza karanga na samaki wa kukaanga barabarani wanasema wateja hawasimami tena. Sijajibiwa kwa maandishi. Ila juzi bosi kapita mezani kwangu kaniuliza lile gari la kumwagia maji huwa linapita saa ngapi, nikamwambia saa nne, akasema mbona akina mama wanapanga biashara saa moja.