Siku Moja Maishani Mwangu: Kutengeneza Gitaa Lisiloumiza Bega

Wengi wanaopita mbele ya karakana yetu hapa Dar es Salaam hudhani tunatengeneza makabati. Wakiona gitaa limetundikwa, hudhani tunakarabati ya watu. Gitaa la kutengenezwa kwa mkono, tena la kupimiwa mwili wa mpigaji, huwa hawajapata kuliona likizaliwa, na hata wateja wenyewe hawajui saa zake zinakwenda wapi. Hii hapa siku moja, ya kawaida kabisa.

Saa 12 asubuhi. Kabla sijagusa mbao naangalia kipima unyevu kilichopo ukutani. Nje, alfajiri ya Dar, hewa ina unyevu wa asilimia 85 au zaidi. Ndani ya chumba cha gundi nataka kati ya 45 na 50, ndiyo maana kiyoyozi na mashine ya kukausha hewa havizimwi usiku. Leo ni 48. Chini ya kipima kuna mzani mdogo wa sonara, na juu yake kipande cha sprusi, mbao ya kutengenezea uso wa gitaa, chenye gramu 100 kamili hewa ikiwa 48. Kipima kinanieleza hali ya hewa. Kipande kinanieleza hali ya mbao, maana mbao huchelewa kuifuata hewa. Kikizidi gramu 101, sifungui gundi.

Si ukaidi. Uso wa gitaa ni ubao wa sprusi wa unene wa milimita 2.8 na upana unaokaribia milimita 400. Ukiugandisha na mataruma yake, yaani vijiti vya ndani vya kuuimarisha, ukiwa umevimba kwa unyevu wa pwani, halafu mwenyewe akahamia Dodoma wakati wa kiangazi, ubao ule unataka kusinyaa karibu milimita 3. Mataruma yaliyokingama hayauruhusu. Utasikia mlio usiku, na asubuhi utakuta ufa umetoka kwenye daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi usoni, mpaka mkiani. Fundi wa makabati huiachia mbao nafasi ya kucheza. Sisi tunaiziba pande zote, kwa hiyo lazima tuizibe ikiwa kavu.

Saa 1 hadi saa 3. Mbavu mbili za mninga, unene milimita 2.1, bomba la moto, maji ya kunyunyiza kidogo, zimekunjwa na kuingia kwenye kalibu. Mninga hukunjika vizuri na hausinyai ovyo. Mpingo ni mzito mpaka unazama majini, na huo nauweka panapohitaji ugumu wake, yaani ubao wa vidole na daraja. Barakoa haivuliwi. Vumbi la mninga hubana kifua, la mpingo huwasha ngozi.

Saa 3 na robo. Umeme umekatika. Nilikuwa nimepanga mataruma ya gitaa la pili mezani, gundi itokanayo na ngozi ya wanyama ipo kwenye maji ya nyuzijoto 60, fimbo za kukandamizia zimehesabiwa. Mlango wa chumba umefungwa, lakini bila mashine unyevu hupanda tu: saa 4 kipima kimefika 55, na kabla ya adhuhuri kimepita 60. Gundi nimeifunika. Kuna watu watakaosema asilimia chache si kitu, gandisha tu. Magitaa yao huletwa kwangu nyufa zikiwa tayari zimefunguka.

Saa 4. Mteja amefika. Ni mpiga gitaa wa kwaya, mtu mzima, mpole, na amekuja na rafiki yake fundi samani. Boksi la gitaa lake lipo mezani limeshafungwa mbele na nyuma, bado halina shingo wala rangi. Amelizunguka mara mbili.

"Fundi, hili mbona limepinda?"

Rafiki akatoa futi ya mkononi. "Huku nyembamba, huku nene. Hapa kipimo kilikukimbia, kaka."

"Halijapinda. Ndivyo alivyopimwa mwenyewe."

Ikabidi nianze upya maelezo niliyokwisha kumpa siku ya oda. Gitaa lake la zamani ni lile boksi kubwa la kifua kipana: upana karibu milimita 400, kina kama 120. Akiketi nalo, mkono wa kulia lazima upande juu ya boksi ndipo ufike kwenye nyuzi, kwa hiyo bega linakaa limeinuliwa ibada nzima. Ukingo nao, ambao ni kona kali, unamkandamiza chini kidogo ya kiwiko, na vidole vinakufa ganzi. Kisha ili aone freti, vile vyuma vya kwenye shingo ya gitaa, anainamisha shingo yake. Bega, mkono na shingo vinaonewa na boksi moja.

Hili la kwake lina kina cha milimita 88 upande unaopita chini ya mkono, na 120 upande unaokaa pajani. Wastani ni 104, sawa na boksi la kawaida la ukubwa huu, kwa hiyo hewa ya ndani haikupungua na besi haipotei. Kilichobadilika ni kwamba mkono una mlima mfupi zaidi wa kupanda, na uso wa gitaa umeinuka kumtazama mpigaji kwa karibu digrii 5. Nikawaambia pia kwamba umbo hili si ubunifu wa mtaani kwetu. Linda Manzer, fundi wa Kanada, alilibuni mwaka 1984 alipomtengenezea Pat Metheny, mpiga gitaa wa jazi wa Marekani, gitaa la nyuzi 42 liitwalo Pikasso. Gitaa la namna ile bila boksi kuchongoka upande mmoja lingemshinda mtu kulikumbatia.

Rafiki akapima tena. Mteja akagonga uso kwa pete, kisha akaupapasa kwa kiganja alichotoka kulia maandazi. Hapo roho iliniruka. Sprusi isiyopakwa rangi hunywa mafuta; alama ya kidole haionekani leo, itaonekana vanishi ikishapanda, doa jeusi lisilofutika. Nikachukua spiriti na kitambaa cheupe, nikafuta kwa kufuata nyuzi za mbao, nikapitisha msasa namba 320, nikafuta tena. Yeye anaendelea kuuliza kwa nini bei yangu haishuki wakati Kariakoo ameona gitaa jipya la laki mbili na nusu.

Sikubishana. Nikamkalisha kwenye kiti, nikampa gitaa lake la zamani, nikaweka mkanda wa karatasi ukutani usawa wa bega lake la kulia. Nikambadilishia, nikampa boksi jipya. Bega likashuka chini ya mkanda kwa upana wa vidole viwili, hata rafiki akaliona. Mteja akakubali kwamba ni kweli limeshuka, akanyamaza kidogo, akasema: "Lakini kanisani watasema gitaa langu lina kasoro."

Wameondoka saa 6. Kwa kuwa umeme haujarudi, kazi ya mataruma nimeiweka kando, na nikaamua kuchonga ukingo wa mkono, yaani kuikata mshazari ile kona ambayo mkono utalalia, kazi niliyoipangia kesho. Hiyo ni kazi ya mikono mitupu, haihitaji umeme, na boksi likishafungwa unyevu wa siku moja hauliharibu.

Ukingo huu ulianzia ndani, kabla boksi halijafungwa. Pale mkono unapolala niligandisha kitalu, yaani kipande kinene, cha paini nyepesi cha urefu wa milimita 280, kilichofuata mkunjo wa ubavu. Bila kitalu, ukichonga kona utatokea shimoni, maana unene wa uso na ubavu kwa pamoja haufiki milimita 5. Baada ya kuchongwa kitabaki na uzito usiofika gramu 60. Aliyeufanya ukingo wa aina hii ujulikane ni Grit Laskin, fundi magitaa wa Toronto.

Nachora mistari miwili: mmoja usoni, milimita 35 kutoka ukingoni pale katikati, ukipungua mpaka sifuri kwenye ncha zote mbili, mwingine ubavuni, milimita 20 kwenda chini. Mistari yote naikata kwanza kwa kisu kikali, kina cha milimita moja, ili nyuzi za sprusi zisichanike kuvuka mpaka. Halafu tupa ya meno makubwa, daima kutoka katikati kwenda kwenye ncha. Ukienda kinyume, kwenye mkunjo wa mwisho tupa huingia chini ya nyuzi na kung'oa kibanzi kirefu kinachotokea usoni kabisa, nje ya mstari, ambako hakuna cha kukificha.

Nikala wali maharage nimesimama, nikarudi.

Kinachochosha ni kunyoosha. Ukingo umekunjwa kwa urefu, lakini kwa upana lazima uwe umenyooka kama rula, kwa sababu utafunikwa na ngozi, yaani ubao mwembamba, ya mninga ya milimita 1.2, na mbao hukubali kukunjwa upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Kila sentimita 2 naweka rula ya chuma na kuangalia dhidi ya dirisha. Mwanga ukipita chini ya rula, pale patakuwa na uwazi. Uwazi huo leo utausikia tu ukigonga, sauti inakuwa tupu. Baada ya joto la miezi kadhaa ndani ya gari lililoegeshwa juani, ngozi inapanda. Kwa hiyo ni tupa, rula, dirisha, bamba la kukwangulia, rula tena. Mgongo umeinama muda wote, na vidole gumba vinauma kwa kukunja bamba. Mtu akipita dirishani ataona fundi anasugua kona ileile mchana kutwa.

Ngozi niliikunja kwenye bomba, ambalo nililipasha kwa mkaa. Nimepaka epoksi inayochelewa kukauka, kwa sababu gundi ya ngozi ingeganda kabla sijamaliza kuikaza. Juu yake karatasi ya nta, kisha kipande cha koki, kisha nikazungushia boksi zima mipira ya baiskeli iliyokatwa upana wa sentimita 3, kutoka katikati kwenda nje, kila mzunguko ukikandamiza uliotangulia. Hakuna klampu ya dukani inayofuata mkunjo ule vizuri kama mpira wa baiskeli. Itafunguliwa kesho mchana, ndipo ifuate kanda ya mpingo ya milimita 2 kuzunguka, na tundu la pili la sauti juu ya ubavu, kipenyo milimita 35, linalomfikishia mpigaji sauti yake mwenyewe bila kuinama.

Umeme umerudi jua likiwa limezama. Nimechonga shingo ya mkangazi wakati mashine inavuta unyevu: unene milimita 20.5 kwenye freti ya kwanza, 22.5 kwenye ya tisa. Urefu wa nyuzi kwa gitaa hili ni milimita 628 badala ya 648. Nyuzi zilezile, noti zilezile, mvuto unapungua kwa asilimia 6 hivi, na mkono wa kushoto wa mtu anayepiga ibada mbili mfululizo utaujua upungufu huo.

Kipande cha sprusi kilikuwa kimefika gramu 102. Saa 4 usiku bado 101.4. Nimezima moto wa gundi. Mataruma yatasubiri kesho.

Nikiwa nafunga mlango, ujumbe wa mteja: je, nikimtolea huo mchongoko, bei itapungua? Nimemjibu kwamba boksi hilo limeshafungwa, halibadiliki. Kama hataki, nitamtengenezea jingine la kina cha milimita 104 pande zote kwa bei ileile, kwa kuwa mbao na siku za kazi ni zilezile, na hili nitamuuzia mwingine. Amesema ataongea na mke wake.