Sifuri, tatu, tano

Jumamosi nzima nyumba yangu imesikia noti nne tu. Mpwa wangu yuko hapa kwa likizo, na jana alilivumbua gita langu kavu juu ya kabati, vumbi tele, waya mwembamba kabisa umekatika. "Mjomba, nifundishe kitu kimoja tu. Kirahisi." Sikuhitaji kufikiri. Nilimpa kile nilichopewa mimi siku ya kwanza: mwanzo wa "Smoke on the Water" wa Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza.

Sifuri, tatu, tano. Sifuri, tatu, sita, tano. Sifuri, tatu, tano, tatu, sifuri. Ni namba za vituo vya kubana kwenye shingo ya gita, na sifuri ni waya usiobanwa. Waya wa tatu na wa nne, unazipiga pamoja. Dakika kumi hazikuisha akawa ameushika, na tangu hapo hajauachia.

Nilimrekebisha jambo moja ambalo mimi sikurekebishwa kwa miaka. Ritchie Blackmore, mpiga gita wao wa wakati huo, hapigi mwanzo ule kwa kile kiplastiki cha kukwangulia. Ananyofoa nyuzi mbili kwa vidole, kwa mpigo mmoja, ndiyo maana zinatoka safi, kama watu wawili wanaotamka neno moja. Mimi nilikuwa nakwangua tu, tena kwenye nyuzi nene za juu, ukitoka mngurumo kama wa lori linalopanda mlima, nami najiona bingwa.

Akaniuliza wimbo unasema nini. Hapo ndipo ninapoupendea. Hakuna mapenzi wala shetani humo. Ni habari tu, kama mtu anavyosimulia kinyozi yaliyotokea jana. Desemba 1971 Deep Purple walikwenda Montreux, Uswisi, kurekodi albamu kwenye kasino ya mji, na studio waliyoikodi ilikuwa ndani ya lori, mali ya bendi ya Rolling Stones. Kabla hawajaanza, tarehe 4, mwanamuziki Frank Zappa na bendi yake walikuwa wakipiga humo. Mtu mmoja kwenye umati akafyatua bastola ya fataki kuelekea darini, na kasino ikateketea yote. Hakuna aliyekufa. Claude Nobs, mwandaaji wa tamasha la pale, alikuwa akiingia na kutoka kuwavuta vijana nje, na wimbo unamtaja kwa jina lake la kwanza. Deep Purple waliutazama moshi ukitanda juu ya Ziwa Geneva. Siku chache baadaye Roger Glover, mpiga besi, alizinduka usingizini na maneno yale mdomoni, "moshi juu ya maji". Walisita kidogo, wakaona jina linanukia mihadarati.

(Kando ya ziwa hilohilo imesimama sanamu ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, mzaliwa wa Zanzibar. Mpwa wangu hakuamini mpaka nilipomwonyesha picha.)

Cha ajabu, wenyewe hawakujua wameshika nini. Albamu, Machine Head, ilitoka 1972, na wimbo walioutanguliza sokoni ulikuwa "Never Before". Leo nani anauomba redioni? "Smoke on the Water" ulisubiri hadi 1973 ndipo ukatolewa peke yake, ukapanda hadi nafasi ya 4 Marekani.

Kwangu mimi si wimbo wao bora. "Highway Star", ulio kwenye albamu hiyohiyo, unaupita mbali. Lakini nani atamfundisha mtoto "Highway Star" kwa dakika kumi? Huu umeishi mikononi mwa wasiojua kupiga, na wauza magita wanaousikia kutwa nzima wanajua adha yake.

Urahisi peke yake hautoshi, lakini. Jioni nilimwekea rekodi, nikamwambia asisikilize gita. Sikiliza matoazi ya mpiga ngoma Ian Paice yanavyojipenyeza, kinanda cha Jon Lord kinavyokwaruza kwa kuwa kimepitishwa kwenye spika ya gita, kisha ngoma, kisha besi ndiyo ya mwisho kufika. Mwimbaji, Ian Gillan, hajafungua mdomo bado na wewe umeshaanza kutikisa kichwa. Akafumba macho. Besi ilipoingia akacheka.

Saa nne usiku, akiwa bado kwenye sifuri, tatu, tano, jirani akagonga ukuta. Mtoto akaganda, mkono juu ya nyuzi. Nikamwambia kwa sauti ya chini kuwa kasino ilipoungua, wale jamaa walihamia ukumbi mwingine mjini, na usiku walipokuwa wakiupiga huu huu majirani waliita polisi. Wasaidizi wa bendi wakaizuia milango kwa ndani mpaka wenzao wamalize kurekodi.

Akautazama mlango wetu, kisha akanitazama mimi.

"Mjomba, utauzuia?"