G moja, vidole vyovyote

Mtu akiniona kwenye gitaa napiga kodi ya G (kodi ni nota kadhaa zinazopigwa pamoja) kwa kidole kidogo, lazima aulize nani kanifundisha hivyo. Chati nyingi za kodi zinaweka kidole cha kati uzi wa sita, ule mnene kuliko zote, freti ya tatu (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo), cha shahada uzi wa tano freti ya pili, na cha pete uzi wa kwanza, ule mwembamba, freti ya tatu. Nyuzi tatu za katikati zinabaki wazi. Sina ugomvi na mkao huo. Ninachokataa ni mwanafunzi kuambiwa kwamba G ndiyo hiyo, basi.

Mimi nauliza kwanza: ukitoka hapo unakwenda wapi?

Kama unakwenda C, weka cha pete uzi wa sita, cha kati uzi wa tano, kidogo uzi wa kwanza, freti za chati zilezile. Cha shahada kiache hewani. Sasa itazame C: cha pete uzi wa tano, cha kati uzi wa nne, freti zilezile. Vidole viwili vinahama pamoja uzi mmoja tu, umbo halivunjiki. Kidogo kinanyanyuka, na cha shahada kilichokuwa kinasubiri kinatua uzi wa pili, freti ya kwanza. Kwa mkao wa chati, kila kidole kinatafuta makao mapya, na hapo ndipo mapigo yanapoyumba. Watu wanalaumu mkono mzito bure.

Kidole kidogo kitagoma mwanzoni, hilo sibishi. Sogeza kiwiko mbele kidogo, shusha gumba nyuma ya shingo ya gitaa, kidole kisimame kwa ncha. Kikilala, uzi wa kwanza hautoi sauti safi.

Wimbo unaozunguka G na D nauchezea mkao mwingine: cha kati na cha shahada juu kama kwenye chati, halafu cha pete uzi wa pili na kidogo uzi wa kwanza, hivi viwili freti ya tatu. Ukienda D, cha pete haking'oki. Kipo palepale kinapotakiwa.

Halafu kuna ya wavivu, ninayoipenda kuliko zote. Chukua huo wa mwisho, ondoa cha shahada, kisha cha kati kiegemee uzi wa tano kiuzime. Nota ya B inatoweka kabisa, zinabaki G na D tupu, kwa hiyo kodi si meja, ile ya furaha, wala si maina, ile ya huzuni. Kwenye gitaa la umeme lililokolezwa mkwaruzo inasikika safi zaidi, maana ile B ya chini ndiyo inayogombana na besi.

Wapo wanaopitisha gumba juu ya shingo kubonyeza uzi wa sita. Langu halifiki.

Ila wimbo ukidai E maina baada ya G, narudi kwenye chati bila kinyongo: cha shahada kinabaki uzi wa tano, cha kati kinahamia uzi wa nne, cha pete kinaachia, kwisha.