Tsumago, mji usio na magari

Aisee nimefika Tsumago, kamji kadogo milimani huko Nagano, Japani, na nimekapenda vibaya mno. Mchana magari hayaruhusiwi kupita ile barabara kuu, nguzo na nyaya za umeme huzioni, nyumba ni za mbao tupu, yaani zamani wasafiri wa njia ya Nakasendo kati ya Edo (Tokyo ya sasa) na Kyoto walikuwa wanalala hapahapa. Wenyeji walikubaliana tangu 1971, nyumba haiuzwi, haipangishwi, haibomolewi. Madalali wangelala njaa huku 😂

Nilikuja kwa mguu kutoka Magome, kamji kengine ka njia hiyohiyo, kama kilomita 8 hivi, njiani wameweka kengele unagonga ili dubu asikie akae mbali, basi mi kila nikiiona naigonga kwa nguvu zote. Nikala gohei mochi, wali umepondwa ukabanwa kwenye kijiti, unapakwa sosi ya miso (soya iliyochachushwa) na kokwa za jozi halafu unachomwa motoni, mama muuzaji akainama kunishukuru na mi nikainama, akainama tena, nami tena, tukashindwa kuachana.

Ila jamani maduka yanafunga mapema mno, kama hujaagiza msosi wa usiku kwenye nyumba ya wageni uliyofikia, imekula kwako.