Waya wa nitinoli, umeme na rangi za kuangalia

Huku Lamu chuma hakina maisha, hewa ya chumvi inakula bawaba inakula spana, ndo maana huu waya wa nitinoli umeniteka, manake haushiki kutu kirahisi na juu ya hapo una kumbukumbu. Ni nikeli na titani, karibu nusu kwa nusu kwa hesabu ya atomu, ulianzia kwa William Buehler kwenye maabara ya jeshi la majini la Marekani mwaka 1959.

Wengi wanajua ule mchezo wa kuukunja, ukiutia maji ya moto unarudi ulivokuwa. Lakini hilo umbo la kurudia lazima uufunze kwanza, joto kama la 500°C na waya umebanwa usisogee hata kidogo. Tanuri linafaa sana ila hapa Langoni analo nani? Kwa hivo napitisha umeme kwenye waya wenyewe, ukinzani wake ndo unaleta joto. Nauzungusha kwenye kigae, si kwenye bomba la chuma, manake umeme utakimbilia chumani, nakaza ncha kwa skrubu za shaba halafu naongeza ampea polepole huku naangalia rangi: manjano ya majani makavu, hudhurungi, kisha bluu. Ukishang'aa mwekundu umepitiliza, waya unalegea na hata lile joto lake la kugeuka, yaani linaloufanya urudie umbo, linahama.

Pale penye skrubu joto linanyonywa, umbo halishiki vizuri, so acheni urefu wa ziada mkate baadaye. Zima umeme, mwagia maji hapohapo, ndo ufungue.